Chini ya Mti kwa Hiari



Katika habari zinazotufedhehesha sisi Watanzania kila zinapotangazwa, mojawapo ni ile ya watoto wanaosoma chini ya mti. Picha yake haibadiliki: mwembe, ubao umeegemezwa shinani, watoto wameketi juu ya mawe na magogo, na mwalimu amesimama juani na kipande cha chaki. Mbunge huipeleka habari hiyo bungeni, mkuu wa wilaya huulizwa, wananchi huchangishana matofali na mifuko ya saruji, na siku darasa linapoezekwa bati akina mama hupiga vigelegele. Nao wana haki, maana mvua ya masika haina simile, na mtoto aliyenyeshewa hasomi. Haya nayatanguliza makusudi, asije msikilizaji yeyote akadhani kuwa nimekuja jioni hii kuutetea ufukara na kuupamba kwa maneno. Darasa ni haki ya mtoto. Lakini katika haraka yetu ya kuwaingiza watoto ndani, haraka ambayo asili yake ni njema, tumeghafilika kwamba mlango wa darasa hutumika pia kwa kutokea. Na kwamba mtoto wa miaka minne au mitano anayetolewa nje kwa hiari, kwa mpango, na mwalimu anayejua anachokitafuta, yu mbali kabisa na yule aliyeachwa nje kwa kukosa pa kumweka, hata kama wote wawili wameketi chini ya mti mmoja.

Mahali ninapopafikiria hasa ni Kibaha na Kisarawe, wilaya mbili za Mkoa wa Pwani zilizolalia ubavu wa magharibi wa Dar es Salaam. Kibaha imetanda kandokando ya Barabara ya Morogoro, nayo ndiyo makao makuu ya mkoa. Kisarawe imepanda vilimani ukishaipita Pugu, na kutoka hapo nchi hushuka na kupanda kwa utulivu kupitia Masaki hadi Maneromango, nchi ya kichanga yenye muhogo, minazi, miembe na mikorosho. Hapo pana msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, ambao leo ni Hifadhi ya Mazingira Asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na ndani yake, kama ilivyo katika msitu wa Ruvu Kusini, huishi komba wa Rondo, mnyama asiyepatikana popote duniani ila katika vipande vichache vya misitu ya Tanzania, mwenye uzito wa gramu 60 hivi, na ambaye wataalamu hawakumwandika katika daftari zao mpaka miaka ya 1990. Nenda katika darasa la awali lililo karibu na msitu huo, uwaulize watoto majina ya wanyama. Watakutajia simba, tembo na twiga, kwa sababu wamechorwa ukutani kwa rangi ya mafuta. Komba, anayelia usiku nyuma ya nyumba zao, hatatajwa mpaka uwakumbushe.

Nami siwalaumu watoto. Mtaala wa Elimu ya Awali uliotolewa na Taasisi ya Elimu Tanzania mwaka 2016 uliweka umahiri sita wa kujengwa kwa mtoto, na kutunza mazingira ulikuwa mmojawapo, pamoja na kuhusiana, kuwasiliana, kutunza afya, stadi za kisanii na stadi za awali za hisabati. Maandiko yalikuwa mazuri, wala hayakuwa na kasoro ya kunizuia usingizi. Lakini Januari ya mwaka huo huo wa 2016 elimu bila ada ilianza, watoto wakamiminika, na darasa la awali ambalo kanuni inalitaka liwe na watoto 25 kwa mwalimu mmoja likapokea mara tatu, mara nne, na mahali pengine zaidi ya hapo. Mwalimu aliyezungukwa na umati wa namna hiyo ana silaha moja tu, nayo ni ubao. Basi hulichora jani ubaoni, akaandika chini yake neno jani, na watoto wakaitikia kwa sauti moja, jani, jani, jani. Ilhali hatua kumi kutoka pale walipoketi upo mwarobaini wenye majani ambayo hakuna mtoto aliyeyashika, kuyanusa, kuyatafuna kidogo na kukunja uso.

Chukueni mkorosho mmoja tu. Mwezi wa Novemba mabibo yameiva, mengine mekundu, mengine manjano, na chini pametapakaa. Mpe mtoto wa miaka mitano kazi ya kuyatenga kwa rangi. Ataanza na mafungu mawili, na mambo yatakwenda sawasawa mpaka atakapolitia mkononi bibo ambalo upande mmoja ni jekundu na upande wa pili ni manjano. Hapo atasita, ataliweka huku, atalitoa, atalipeleka kule, na mwishowe atatengeneza fungu la tatu ambalo hakuna aliyemwamuru alitengeneze. Kusita kule kuna thamani kuliko kurasa nyingi za kitabu cha kuchora mistari, kwa kuwa kanuni ameitoa kichwani mwake mwenyewe baada ya kuiona ile aliyopewa haikidhi haja. Na akiyahesabu mabibo, kila moja lina uzito, lina harufu, na likibanwa lina maji yanayoacha doa lisilotoka katika nguo. Hesabu yake si sauti tupu ya moja, mbili, tatu.

Upande wa Kisarawe nilipata kumwona mtoto wa kike akiligeuzageuza bibo kiganjani, kimya, huku wenziwe wakigombania yaliyo makubwa, kisha akamwendea mwalimu wake na kumwuliza, "Mwalimu, mbona mbegu ya hili imekaa nje, na ya embe imo ndani?" Mwalimu yule, Mungu amzidishie, hakumjibu. Alimwambia, "Haya mwanangu, waite wenzio, twende tukatafute tunda jingine lenye mbegu nje." Wakazunguka kiwanja kizima, wakalipasua papai, wakalipasua pera lililodondoka, wakalikamua limau, wakarudi bila ya kulipata tunda la pili. Ndipo akawaketisha, akawaonya juu ya utomvu wa ganda la korosho mbichi unaounguza ngozi, na akawaonesha kovu lililoko mkononi mwake tangu utotoni. Wataalamu wa mimea husema kuwa bibo si tunda hasa, bali ni kikonyo kilichovimba, na kwamba tunda lenyewe ndilo lile lenye korosho. Kwa hiyo swali la binti yule liligonga mahali pake barabara, pengine kuliko yeye na mwalimu wake walivyodhani.

Wazee wetu hawakuhitaji mtaala ili wajue kwamba mtoto hujifunza kwa kushika na kucheza, ingawa sitaki kuingia katika ile tabia ya kuusifu kila uzamani. Mchezo wa mdako, unaochezwa kwa kishimo na vijiwe, kokoto moja ikirushwa juu huku nyingine zikitolewa na kurudishwa kabla ile haijaangukia kiganjani, ni hesabu ya kutoa na kujumlisha, ni mafunzo ya jicho na mkono, na ni mahakama ndogo ambamo watoto hushitakiana, hujitetea na kuhukumiana bila mtu mzima kuingilia. Kombolela humfundisha mtoto kukadiria umbali na kuvumilia kunyamaza, jambo ambalo watu wazima wengi hatujafuzu.

Sasa, Kibaha ina historia ambayo katika mazungumzo haya haifai kuachwa. Mwaka 1963 nchi za kaskazini ya Ulaya, yaani Denmark, Finland, Norway na Sweden, ziliungana na serikali changa ya Tanganyika kuanzisha pale mradi wa kupigana na ujinga, maradhi na umaskini: shule ya sekondari, kituo cha afya na chuo cha wakulima katika eneo moja. Mwaka 1970 mradi ulikabidhiwa kwa Watanzania, nao ndio Shirika la Elimu Kibaha tulijualo. Katika nchi hizo hizo, tangu miaka ya 1950, palizuka desturi ya kuwapeleka watoto wadogo msituni, si kwa matembezi ya siku moja ya mwaka, bali kila siku, mvua inyeshe au theluji ianguke; Denmark ikawa na shule za awali ambazo nusu ya mchana wake hupita mitini, na Sweden mwaka 1957 Gösta Frohm akabuni kiumbe wa hadithi wa msituni, Skogsmulle, ambaye watoto humfuata ili wajifunze miti na wadudu. Wageni wale walituletea maabara, hospitali na trekta, na tunawashukuru. Ila desturi hii ya watoto wao haikuingizwa katika mizigo, labda kwa kuwa walipotutazama waliona kwamba msitu tunao tayari na hatuhitaji kuletewa.

Kutoka Finland hiyo ilitoka mwaka 2020 habari ya utafiti ambayo ingefaa kusomwa katika kila kikao cha kamati ya shule. Watoto 75 wa miaka mitatu hadi mitano walichunguzwa katika vituo vya malezi vya mijini. Baadhi ya vituo vilivyokuwa na uwanja wa kokoto vilitandikiwa udongo wa msituni pamoja na majani na mimea yake midogo, watoto wakaachiwa waufukue, wapande mimea humo na wauchezee kila siku. Baada ya siku 28 tu, vijidudu vyema katika ngozi za watoto wale vilikuwa vimeongezeka aina, na damu yao ilionesha dalili za kinga ya mwili iliyo katika mizani bora kuliko ya wenzao waliobaki kwenye kokoto. Na huko Guangzhou, nchini China, ambako watoto wenye macho yasiyoona mbali wamekuwa wengi kwa kuinamia vitabu na vioo, shule zilizowaongezea watoto wa miaka sita dakika 40 za nje kila siku kwa miaka mitatu zilipata watoto 30 hivi katika kila 100 walioanza kuugua macho, ilhali katika shule ambazo hazikuongeza kitu walikaribia 40. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2015. Shirika la Afya Duniani nalo, mwaka 2019, lilielekeza kwamba mtoto wa miaka mitatu na minne ajongee, akimbie na kucheza si chini ya dakika 180 kwa siku. Mtoto aliyeketishwa kwenye dawati tangu saa mbili asubuhi hadi saa tano, kisha akaenda kuketi mbele ya televisheni ya jirani, hazifikishi.

Lakini mzigo wa Finland haubebeki wote huku Pwani. Udongo wa huko hauna safura. Wetu unayo, na mnyoo huyo hupenya ngozi ya mguu usio na kiatu. Basi anayetaka watoto wafukue udongo aanze na choo cha shule kilicho safi, ndara miguuni, maji na sabuni ya kunawa, na dawa za minyoo zinazogawiwa shuleni zisikwepwe kwa uvumi. Yako na mengine: upupu ukomaapo, unaomwasha mtoto mpaka akalia, siafu, na nyoka, ambaye ndiye hoja kuu ya kila mzazi. Kwa hofu ya nyoka shule zetu zimeshika kaida ya kufagia uwanja kila alfajiri mpaka mchanga unabaki mtupu kama sahani iliyorambwa, na hofu hiyo ina msingi, maana koboko si ngano ya vibibi. Hata hivyo iko njia ya kati, ambayo ni kuuacha uwanja mkubwa umefagiwa, na pembeni kutenga kipande kimoja, chenye mipaka ya mawe, kinachopitiwa na mtu mzima kwa fimbo kila asubuhi kabla ya watoto kuingia, ambamo majani makavu hayazolewi, gogo lililolala halichomwi, na kifaurongo kinaachwa kiote ili watoto waguse majani yake na kuyaona yakijikunja.

Iko hoja nyingine dhidi yangu ambayo ni nzito kuliko nyoka, na aghalabu haitamkwi. Wazazi wengi wa leo waliijua ardhi ya shule kama mahali pa adhabu. Mwalimu Nyerere, ambaye mpaka mwaka 1955 alikuwa akifundisha Pugu, jirani kabisa na Kisarawe, alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo, wanafunzi wapange, wapime, wajadili kwa nini mbolea hii na si ile. Katika shule nyingi mjadala ulipotea likabaki jembe. Aliyechelewa namba alilima. Aliyeongea kikabila alifyeka. Aliyeshindwa hesabu alichota maji ya bustani ya mwalimu. Mtu aliyelelewa hivyo, akipata mtoto na kipato, humtafutia shule yenye sakafu ya marumaru, na ukimwambia kuwa mtoto wake atashika udongo, anachokisikia ni fimbo. Hadithi ya mkorosho haitamtoa katika dhana hiyo, maana ameifunzwa na mgongo wake. Itakayomtoa ni kaida moja isiyovunjwa: katika shule yenye watoto wadogo, kazi ya ardhini isitumike kuwa adhabu kwa mwanafunzi yeyote, mkubwa wala mdogo.

Na asiseme mtu kwamba hii ni bidaa ya Kizungu. Huko Mombasa, mwaka 1986, Bi Swafiya Said alianza, kwa msaada wa Mfuko wa Aga Khan, shule za awali zilizoungana na madrasa, ambazo baadaye zilifika Zanzibar na Uganda. Vifaa vya kujifunzia havikuagizwa kutoka ng'ambo: vifuu vya nazi vilipangwa kwa ukubwa, kombe za pwani zilihesabiwa, mbegu, vijiti na makuti vikawa maumbo na herufi, na akina mama wa mtaa ndio waliovikusanya. Mtoto alisoma sura zake, akajifunza hesabu zake kwa vitu ambavyo anavikuta pia kwao jikoni, na mzazi hakuona kuwa shule ni nchi ya kigeni. Kibaha na Kisarawe zinavyo vifuu kwa mafungu.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba tunalizungumza jambo hili wakati ardhi yenyewe inatuponyoka. Tangu viwanda vianze kuinuka Kibaha, na bandari kavu ikajengwa Kwala, kila shamba la mikorosho lililo karibu na barabara limepimwa viwanja. Mabango ya kuuza ekari yamepigiliwa katika mashina ya miembe. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi ulitafunwa kwa miaka mingi na tanuri za mkaa ulioliwa na majiko ya Dar es Salaam kabla ulinzi haujaimarishwa. Na shule za awali za kulipia zinazochipuka kila kona, ambazo sikatai kuwa nyingi zinafundisha vyema, hujisifu katika matangazo yao kwa uzio mrefu, uwanja uliosakafiwa kwa matofali ya kupangwa, na bembea za plastiki zinazounguza mapaja ifikapo saa sita. Nimewahi kuelezwa na mwenye shule mmoja, kwa fahari, kuwa aliukata mwembe uliokuwa katikati ya kiwanja chake kwa sababu ulikuwa ukichafua. Sikumjibu, adabu ya mgeni ilinizuia, na chai yake nilikuwa nimekwisha kuinywa.

Serikali ilizindua mwezi Desemba 2021 programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, inayomhesabu mtoto tangu kuzaliwa mpaka miaka minane, na ndani yake mna nafasi ya kuyasema haya. Ningelipewa ruhusa ya kuomba machache, ningeliomba kwanza kwamba mkaguzi anapohesabu madawati na matundu ya vyoo vya shule ya awali, aihesabu na miti. Shule isiyo na kivuli cha kuwatosha watoto wa darasa moja iandikwe kuwa ina upungufu, sawasawa na isiyo na ubao. Pili, kwamba wanapopima viwanja Kibaha na Kisarawe, eneo la shule lisisafishwe kwa greda kabla mwalimu hajaonesha miti ya kubaki. Tatu, na hili halihitaji bajeti, darasa lenye watoto wengi ligawanywe kwa zamu, nusu wabaki na ubao na nusu watoke pamoja na mama au bibi wa kijiji aliyejitolea, ambaye huenda hajui kusoma lakini anajua kila mti unaitwaje na unatibu nini. Watoto watamwita bibi, si mwalimu msaidizi, na watamsikiliza.

Mwalimu anayetoka nje naye ajifunze kunyamaza. Hili ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa tumefunzwa kwamba mwalimu asiyesema hafanyi kazi. Watoto wakiikuta safu ya mchwa, asikimbilie kuwaambia kuwa huyu ni mchwa na ana miguu sita; awaache wachuchumae, wafuate safu mpaka inapopotelea, wagombane kama vile vitu vyeupe vinavyobebwa ni mayai au ni chakula, na atie neno pale ugomvi utakapokwisha mafuta. Na akirudi darasani asiwadai waandike insha ya walichokiona. Hawajui kuandika bado, nao watasimulia kwao jioni pasipo kuulizwa.

Barua nyingi za akina mama zinazotufikia katika kipindi hiki huuliza sare itafuliwa na nani, kwa kuwa sabuni imepanda bei na shati jeupe la shule halijui kusamehe doa la bibo. Hoja yao ni ya haki. Shule na ziwatangazie wazazi siku za kutoka nje, ziwe Jumanne na Alhamisi au zozote zinazofaa, na siku hizo mtoto aje na kaptula au gauni la nyumbani lililokwisha kuchakaa, sare ibaki msumarini.